Kisukumio, mpini au kifimbo: kulifafanua jina "rolling pin" na chombo chenyewe

Jioni moja binti wa kaka yangu, aliye darasa la tano, alinijia na daftari lake la Kiingereza huku uso umemwinama. Walikuwa wamepewa picha za vyombo vya jikoni wavitaje majina, na chini ya picha ya kile kijiti cha mviringo ambacho mama yake hukishika karibu kila Jumapili alikuwa ameandika "chapati pushing stick", yaani fimbo ya kusukuma chapati. Mwalimu alikuwa amepitisha kalamu nyekundu juu ya maneno hayo na kuandika pembeni "rolling pin". "Shangazi," akaniuliza, "'rolling' si kuviringika, na 'pin' si pini? Sasa hii ni pini gani inayoviringika?"

Kabla sijamjibu, wakubwa waliokuwapo walikwisha kuanza kubishana. Mmoja alisema jina la Kiswahili la chombo hicho ni mpini, na kwamba mpini wenyewe umetokana na hiyo "pin" ya Waingereza. Mwingine alisema ni kifimbo, basi. Wa tatu alishikilia kwamba Kiswahili hakina neno la kitu hicho kwa sababu chombo ni cha Wazungu, kikiwa kimebuniwa Marekani miaka mia moja na kitu iliyopita. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia mara nyingi, madarasani na majikoni, na yanasemwa na watu wenye akili timamu ambao kila siku wanakitumia chombo hicho bila tatizo lolote. Naona inafaa jambo hili lifafanuliwe taratibu, maana ndani ya jina la kijiti kimoja cha chapati kuna masuala ya lugha na ya historia, na yapo pia ya unga wenyewe.

Tuanze na chombo. "Rolling pin" ni jina la Kiingereza la kijiti, au kigogo kidogo, chenye umbo la mcheduara, kinachotumiwa kulibonyeza na kulitandaza donge la unga uliokandwa mpaka liwe bapa na jembamba kwa kiasi anachokitaka mpishi. Kwetu kazi yake kubwa ni chapati, lakini hakuna anayetengeneza manda za sambusa, biskuti za kukata kwa kibati au mandazi ya pembe tatu asiyekihitaji. Mwenzake wa siku zote ni kibao, yaani ule ubao wa mviringo wenye vijiguu vifupi, au meza safi kwa asiye na kibao. Chapati za maji hazikihitaji kabisa, kwa sababu uji wake humiminwa kikaangoni ukajitandaza wenyewe.

Kosa la yule mtoto halikuwa kosa la mvivu, kwa kuwa alikuwa ametafsiri kwa uaminifu kile anachokisikia nyumbani. Kwa Kiswahili chapati husukumwa, na mama akisema "nasukuma chapati" hakuna anayedhani kwamba anazisogeza kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Kitenzi sukuma hapa kinaitazama kazi ya mkono: kiganja kinakisukuma kijiti, na kijiti kinausukuma unga kutoka katikati ya donge kuelekea ukingoni. Kiingereza kimekitazama kitendo hichohicho kutoka mahali pengine, kikaona kwamba kijiti kinaviringika, kikatumia kitenzi "roll". Macho ni mawili na kazi ni moja. Lakini mtu akiuchukua mtazamo wa Kiswahili na kuuvalisha maneno ya Kiingereza, akaandika "push the chapati", msomaji wa Kiingereza ataona sahani ya chapati inayosogezwa mezani, naye hatafikiria unga hata kidogo.

Ugumu unaongezeka kwa sababu "roll" ni kitenzi chenye kazi nyingi. Asili yake, kupitia Kifaransa cha zamani, ni neno la Kilatini "rotulus" lenye maana ya gurudumu dogo, na kutokana na gurudumu hilo yamezaliwa matumizi ambayo sisi huyapa maneno mbalimbali. Jiwe linalobingirika mlimani "linaroli". Karatasi iliyoviringishwa ni "roll", na kwa kuwa orodha za majina ziliandikwa zamani kwenye karatasi za namna hiyo, kuita majina darasani kukaitwa "roll call". Mkate mdogo wa mviringo nao ni "roll". Katika mapishi tofauti iliyo muhimu zaidi hubebwa na neno dogo linalofuata kitenzi: "roll out" ni kusukuma hadi unga uwe bapa, na "roll up" ni kukunja kitu kilicho bapa hadi kiwe kama mkeka uliokunjwa. Anayeacha neno hilo dogo anaweza kumfanya msomaji afanye kinyume kabisa cha alichokusudia.

Mfano mzuri uko Uganda. Chakula cha barabarani kiitwacho roleksi, ambacho ni mayai ya kukaanga na mboga ndani ya chapati, kilipata jina kutokana na maneno "rolled eggs", yaani mayai yaliyoviringishwa. Ukiitazama chapati ile kwa makini utaona kwamba "roll" imefanya kazi mara mbili juu yake, kwanza ilipokuwa unga ikasukumwa ikawa bapa, kisha ilipoiva ikaviringishwa pamoja na mayai. Chapati ya matabaka tunayoipika nyumbani inapita njia ndefu zaidi: donge husukumwa, hupakwa mafuta, huviringishwa likawa kama kamba, kamba hukunjwa kama konokono, kisha baada ya kupumzika husukumwa tena. Kiingereza kinaweza kutumia "roll" mara tatu katika maelezo hayo, ilhali Kiswahili kina sukuma na viringisha, kila kimoja mahali pake. Hapo hatujapungukiwa na kitu.

Sasa swali la mtoto lenyewe, yaani pini inayoviringika. Kiini chake ni ile "-ing", kwa sababu umbo hilo la Kiingereza hufanya kazi mbili zinazofanana kwa sura. Wakati mwingine humweleza mtendaji: "running water" ni maji yanayotiririka, na "crying baby" ni mtoto anayelia. Wakati mwingine hutaja kazi ambayo kitu kimetengenezwa kuifanya: "walking stick" si fimbo inayotembea bali ni fimbo ya kutembelea, "swimming pool" si bwawa linaloogelea bali ni bwawa la kuogelea, na "frying pan" si chungu kinachokaanga wenzake bali ni kikaango. "Rolling pin" iko katika kundi hili la pili. Kwa hiyo haitafsiriwi "pini inayoviringika" ingawa kweli kinaviringika, bali kijiti cha kusukumia. Masikio nayo husaidia, kwani katika kundi hili la pili sauti ya mzungumzaji wa Kiingereza hukaza neno la kwanza, akasema "ROLLING pin" kama asemavyo "WALKING stick".

Ningependa msomaji aone jinsi Kiswahili kinavyolishughulikia jambo hilo kwa ustadi mkubwa. Kazi ambayo Kiingereza kimeiachia "-ing" yenye sura mbili, Kiswahili kimeigawa. Kwa mtendaji tuna "-nayo-", "-nacho-" na ndugu zake, na kwa kifaa tuna kauli ya kutendea: kutembelea, kuogelea, kukaangia, kusukumia. Ndiyo maana ni sahihi zaidi kuandika "kijiti cha kusukumia chapati" kuliko "kijiti cha kusukuma chapati", ijapokuwa katika mazungumzo umbo la pili husikika na kueleweka. Ile "-ia" ndiyo inayotuambia kwamba kijiti ni chombo na kwamba anayesukuma ni mtu.

Na "pin" je? Watu wengi wa Afrika Mashariki wanalijua neno hili kwa maana tatu tu. Wanaijua pini ya kushikiza nguo au karatasi. Wanaijua namba ya siri ya simu na benki, ambayo ni kifupi cha maneno matatu ya Kiingereza na haihusiani hata kidogo na jikoni. Na Wakenya wana PIN ya kodi. Lakini katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya kigingi au msumari wa mti: kile kipande cha mti cha mviringo ambacho seremala hukipigilia ndani ya tundu ili kuunganisha mbao mbili bila chuma. Pini nyembamba ya chuma ni mjukuu, na babu ni mti. Ukilijua hilo, "rolling pin" inaacha kuwa fumbo, kwa kuwa ni kipande cha mti cha mviringo kwa ajili ya kusukumia unga. Wanaoandika "rolling pen" wanahamisha maana kwenda kwenye kalamu, na kosa hilo huingia kwa urahisi kwa kuwa kwa masikio yetu "pin" na "pen" hukaribiana sana.

Tuje sasa kwa dai kwamba mpini umetokana na "pin". Dai hili linavutia kwa sababu maneno yanafanana na vitu pia vinafanana, na ukiviweka pamoja unadhani umegundua siri. Hata hivyo si kweli. Mpini ni neno la Kibantu la zamani sana, na maana yake ya asili ni mahali pa kushikia kifaa: mpini wa jembe, mpini wa shoka, mpini wa kisu. Kichewa kina mpini kwa maana hiyohiyo, na Kizulu, kilicho mbali kabisa kusini, kina "umphini". Lugha ambazo zimetengana kwa maelfu ya kilomita haziwezi kuwa zote zimekopa kutoka Kiingereza neno la jembe ambalo mababu walikuwa wakililimia kabla Mwingereza hajatia nanga katika pwani yetu. Tunaposema kwamba wenzetu wameshika mpini nasi tumeshika makali, tunazungumza Kibantu safi. Kipini cha puani nacho ni mtoto wa mpini huohuo, wala si wa "pin". Neno tulilolikopa kwa Kiingereza ni pini, lile lisilo na "m" mbele yake, na linakaa katika ngeli nyingine: tunasema mpini huu na mipini hii, lakini pini hii na pini hizi.

Basi ni kwa nini nyumba nyingi zinakiita chombo cha chapati mpini? Nadhani sababu ni umbo. Ukikata kipande cha mpini wa jembe chenye urefu wa mkono, ukakipiga msasa, unacho kisukumio. Jina limehama kutoka kwa kitu hadi kwa kitu kinachofanana nacho, kama majina yanavyohama katika kila lugha. Simlaumu anayelitumia, lakini katika maandishi lina tatizo moja la wazi. Visukumio vya kiwandani vina mikono miwili pembeni, na mikono hiyo ndiyo mipini halisi. Mwandishi wa maelezo ya mapishi akisema "shika mpini", msomaji hajui ashike mkono wa pembeni au akamate kigogo kizima.

Kifimbo kina uzuri wake, kwa kuwa kinaonyesha udogo na unyofu wa chombo. Udhaifu wake ni kwamba kikitajwa peke yake hakielekezi jikoni. Kwa Mtanzania wa umri fulani kifimbo ni kile alichokuwa akitembea nacho Mwalimu Nyerere, na katika habari za michezo tulizoea kusikia kifimbo cha Malkia kilichokuwa kikitangulia Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo kinahitaji msaada: kifimbo cha chapati. Wako pia wanaosema mti wa chapati au fimbo ya chapati, nao wanaeleweka na wenzao.

Neno ninalolipendelea mimi katika maandishi ni kisukumio, na sababu yangu ni ya kisarufi. Kiswahili kina njia ya siku nyingi ya kuunda majina ya vifaa: kinachukua kitenzi, mara nyingi katika kauli ya kutendea, kinaweka "ki-" mbele na "-o" mwishoni. Kutoka chujia tunapata kichujio, kutoka kaangia kikaangio, kutoka egemea kiegemeo. Ufagio nao umeundwa karibu vivyo hivyo kutoka fagia. Kutoka sukumia tunapata kisukumio, na msikilizaji ambaye hajawahi kulisikia neno hilo anaweza kulielewa papo hapo akiwa amesimama jikoni. Si neno la kamati. Ni neno ambalo lugha ilikwisha kulitayarishia nafasi, likatumiwa na wapishi na wauza vyombo. Mwalimu anayewaambia watoto kwamba "Kiswahili hakina neno la 'rolling pin'" anawanyima zaidi ya neno moja. Anawanyima ufunguo wa kuunda mengine.

Lile dai la tatu, kwamba chombo ni cha Wazungu, linahitaji historia kidogo. Kisukumio tunachokitumia kwa chapati kina ukoo wa Kihindi. Katika Kihindi kinaitwa "belan" na kibao chake "chakla", na Wagujarati, ambao wafanyabiashara wao walikuwa wamekita mizizi Zanzibar na Mombasa katika karne ya 19, wanakiita "velan". Neno chapati lenyewe limetoka huko. Kisha ikaja reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901, reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na ingawa wengi wao walirudi kwao, wapatao 6,700 walibaki. Baadhi yao na jamaa zao walifungua maduka katika miji iliyoota kandokando ya reli, na unga wa ngano, mafuta, kikaango bapa na kisukumio vikawa sehemu ya maisha ya bara kama vilivyokuwa vya pwani. Katika nyumba nyingi za Kenya chapati ilikaa miaka mingi ikiwa chakula cha Krismasi na cha wageni, kabla haijawa chakula cha kibanda na cha asubuhi yoyote.

Hata hivyo haifai kuliondoa dai la Wazungu kwa kulikabidhi lote kwa Wahindi, kwa sababu ukweli ni kwamba watu wengi walifika kwenye kijiti hiki kwa njia zao wenyewe, na kila mmoja akakipa umbo la chakula chake. Waturuki wana "oklava", ufito mwembamba na mrefu wa kutandaza unga uwe karibu kama karatasi kwa ajili ya baklava. Wataliano wana "mattarello", mrefu pia lakini mnene zaidi, wa kutandazia tambi za nyumbani kwenye meza kubwa. Wachina hutumia kijiti kifupi kwa duara dogo la kufungia nyama, huku mkono mmoja ukisukuma na wa pili ukiuzungusha unga. Waswidi wana cha kuchongwa meno, kinachoutia mkate wao mkavu vishimo ili usivimbe. Mahali popote ambapo watu walikanda ngano, kijiti cha mviringo hakikuwa mbali.

Habari ya kubuniwa Marekani ina chanzo chake, nacho kinastahili kuelezwa kwa heshima. Tarehe 23 Septemba 1884 mwanamke mweusi aitwaye Judy W. Reed, wa mjini Washington, alipewa hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, namba 305,474 kwa mashine ya kukandia na kubinyia unga, ambamo unga ulipitishwa kati ya magogo mawili yanayozunguka. Yeye ni miongoni mwa wanawake weusi wa mwanzo kabisa kupata hataza nchini humo, chini ya miaka ishirini baada ya utumwa kukomeshwa, katika zama ambazo wengi wa wenzake walikuwa wamezuiwa hata kujifunza kusoma. Habari hiyo imesimuliwa na kusimuliwa tena mpaka mashine yake ikageuka kuwa "rolling pin" yenyewe. Lakini vitabu vya mapishi vya Uingereza vya karne ya 18 vinakitaja kisukumio kama kitu cha kawaida ambacho kila jiko linacho. Alichobuni Judy Reed ni kifaa kingine, tena chenye ufundi zaidi, na kumpa sifa ya kijiti kilichokuwapo zamani ni kumnyang'anya sifa iliyo yake.

Tukiachana na majina, kuna swali ambalo wapishi wapya huniuliza mara nyingi zaidi: je, kisukumio kizuri huifanya chapati iwe laini? Jibu linaanzia kwenye unga. Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikikutana na maji na kukandwa huungana na kufanya gluteni, kitu kinachofanana na wavu wenye nyuzi za mpira. Wavu huo ndio unaoliwezesha donge kutandazwa bila kupasuka. Ukitaka kuuona umuhimu wake, jaribu kusukuma donge la unga wa mahindi: litapasuka kingo na kuachana vipandevipande, kwa kuwa mahindi hayana gluteni hiyo. Lakini kama mpira wa manati, wavu uliokazwa hupenda kurudi ulikotoka. Ndiyo maana donge lililokandwa sasa hivi, ukilisukuma, hujikunja na kurudi dogo, na mpishi asiyejua huongeza nguvu akidhani kijiti hakifai. Liache chini ya kitambaa chenye unyevu kwa nusu saa, nyuzi zilegee, kisha utaona kijiti kilekile kikiteleza.

Kwa hiyo ulaini unatokana na maji ya kutosha, kukanda, kupumzisha, moto wa kikaango na kufunika chapati zikishaiva. Uzito wa kisukumio haumo katika orodha hiyo. Kisukumio kizito hupunguza kazi ya mabega kwa donge kubwa na gumu, basi. Kijiti chembamba kinagusa unga kwa ukanda mdogo zaidi, na nguvu ileile ikikusanyika mahali padogo inabonyeza zaidi, kama kisigino chembamba cha kiatu kinavyozama mchangani palepale ambapo ndara hazizami. Hiyo ndiyo siri ya "belan", ambacho ni chembamba na mara nyingi kina unene kidogo katikati. Kinamtii mpishi: ukikaza kidogo zaidi mkono mmoja, chapati inajizungusha yenyewe juu ya kibao, na duara linatokea bila kuigeuza kwa mikono. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikimtazama bibi akifanya hivyo nikidhani ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Ni tofauti ya mkazo tu, na hujifunzwa katika wiki chache za kupika.

Visukumio vyenye mikono inayozunguka kwenye mhimili, ambavyo ndivyo huchorwa zaidi katika vitabu vya Kiingereza, hufanya kazi kwa namna nyingine. Mikono inatulia mahali pake na kigogo peke yake ndicho kinachozunguka, kama magogo ambayo wavuvi huyatanguliza chini ya ngalawa wanapoivuta nchi kavu. Vinafaa kwa unga mwingi wa biskuti au mandazi. Kwa chapati moja moja naona ni vikubwa mno, na mpishi anapoteza ile hisia ya kiganja inayomwambia mahali ambapo unga bado ni mnene. Vya marumaru vinasifiwa kwa ubaridi, na sifa hiyo ina maana kwa vitafunio vya siagi, ambavyo siagi ikiyeyuka vimeharibika. Chapati inayopakwa mafuta ya maji haina haja hiyo. Chupa ya kioo iliyonyooka, ambayo wanafunzi wa bweni na vijana waliopanga chumba wanaijua vizuri, inafanya kazi kwa kanuni ileile ya mcheduara, mradi lebo imebanduliwa, imeoshwa vyema na haina ufa.

Jambo moja hupuuzwa sana: unga mkavu wa kunyunyizia. Watu huulaumu mti kwa kunata, wakanyunyiza unga mwingi, kisha unga huo unaungua kikaangoni na kuifanya chapati iwe kavu yenye madoa machungu. Kijiti kikinata, mara nyingi ni donge lililozidi maji au ambalo halijapumzika. Unga wa vidole viwili juu ya kibao unatosha.

Na usikiloweke. Imani ya kwamba kisukumio kipya lazima kilale ndani ya maji usiku kucha ili "kikomae" imeharibu vingi. Mti hunywa maji ukavimba, na ukikauka nyuzi zake huachana, ukapata nyufa ambamo unga hukwama na kuchacha. Kioshwe upesi kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kifutwe, kikaukie kivulini. Kipya kipakwe mafuta ya kula kidogo sana na kufutwa kwa kitambaa. Ukienda kununua kwa wanaokereza miti, chagua cha mti mgumu wenye nyuzi zilizobana, kisicho na kifundo wala vanishi, kisha kilaze juu ya kioo cha dirisha au ubao ulionyooka na uchungulie chini yake. Hata cha nyumbani kifanyie hivyo mara moja kwa mwaka. Cha miaka mingi mara nyingine huwa kimelika katikati, na mwanga ukipita hapo, chapati zake zitakuwa nene katikati na nyembamba kingoni hata mpishi awe hodari kiasi gani. Kirudishe kwa mkereza akinyooshe.